Slit, crack, slot au gap? Mwongozo wa kutaja nafasi nyembamba kwa Kiingereza, kwa mifano ya Mtwara na Lindi

Kitenzi kimoja cha Kiswahili, kuchanja, kinafanya kazi nne huku kusini. Tunachanja kuni. Tunachanja samaki kabla ya kumpaka chumvi na ndimu. Mganga anachanja chale. Nesi anamchanja mtoto asipate surua. Kiingereza kinadai vitenzi vinne kwa kazi hizo nne: kuni ni split, samaki ni score, chale ni make an incision, na chanjo ya mtoto ni vaccinate. Mtu aliyekariri neno moja tu la kamusi akalibeba kote ataeleweka vibaya mahali patatu kati ya hapo panne.

Kwenye majina hali ni hiyo hiyo. Sisi tuna ufa, mwanya, pengo, mpasuo, tundu, upenyo. Wao wana slit, slot, crack, gap, split, groove, notch, nick, gash, slash, cleft, crevice, fissure, vent, na mengine zaidi. Hayalingani moja kwa moja, na kosa lake linaweza kuwa la fedha. Mchonga barakoa wa Kimakonde akiandika kwamba shavu la kazi yake lina cracks, huku akikusudia zile chale nzuri alizozichora kwa kisu, mnunuzi aliye ng'ambo ataelewa kwamba barakoa imepasuka, na ataomba punguzo au ataachana nayo kabisa.

Nimewaandikia wachongaji hao, pamoja na waongoza wageni wa Mikindani na Kilwa, manesi na wakunga, mafundi, na wanafunzi wanaotaka kuandika Kiingereza kinachoeleweka. Ninachosisitiza ni kimoja: usianzie kwenye neno la Kiswahili. Anzia kwenye kitu chenyewe, ukitazame, ujiulize kimetokeaje. Neno la Kiingereza hufuata jibu hilo.

Hatua ya 1: Jiulize maswali matatu

La kwanza ndilo kubwa: imekatwa na mtu, au imetokea yenyewe? Kisu, patasi, mkasi na msumeno huacha slit, slot, notch, groove na incision. Jua, ukavu, uzito na mtikisiko huacha crack, split, crevice na fissure. Ukisema "There is a slit in the wall", msikilizaji anapata picha ya mtu aliyeukata ukuta makusudi. Kama ni ukuta wa udongo uliopasuka baada ya masika, sema "There is a crack in the wall."

La pili: inatokea upande wa pili, au inaishia njiani? Groove haitoboi kamwe. Ni mfereji mwembamba juu ya uso wa kitu. Slit na slot kwa kawaida zinatoboa. Crack inaweza kutoboa au isitoboe, na hapo ni juu yako kuongeza maneno: "It does not go through", yaani haijafika upande wa pili.

La tatu: kuna kitu kilichokusudiwa kupita au kukaa humo? Sarafu, laini ya simu, hewa, moshi, ufunguo? Kama kipo, kuna neno lake maalumu, nalo nitalifikia.

Upana nao una mpaka wake. Maneno yote ya mwongozo huu ni ya vitu vyembamba, virefu kuliko vilivyo vipana. Shimo la Mungu kule Newala, lile bonde linalofunguka chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, halimo kwenye orodha hii hata kidogo. Kwa mahali kama hapo wageni wako wataelewa valley, hollow au escarpment, kutegemea unawaonyesha bonde lenyewe au ukingo uliosimama juu yake.

Hatua ya 2: Anza na vilivyokatwa kwa kisu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ndiyo mikato tunayoifanya kila siku.

Nenda Feri, Mtwara mjini, asubuhi samaki wanaposhushwa, umwangalie mama anayetengeneza changu wa kukaanga. Kwanza anapasua tumbo kwa mkato mmoja mrefu ulionyooka, kutoka chini ya kidevu hadi karibu na mkia. Huo ni slit: "She slit the belly and took out the guts." Kisha anamlaza samaki ubavu na kupiga mistari mitatu minne ya mshazari, isiyofika mfupa, ili chumvi na ndimu viingie. Hapo kitenzi ni score: "She scored the fish on both sides." Slit inafungua kitu, score inachora mistari ya juu juu. Na samaki wa ng'onda, anayefunuliwa wote kama kitabu ili akaukie juani, ni split open: "The fish is split open and dried in the sun."

Kuhusu score, ni hili hili neno la matokeo ya mpira. Asili yake ni neno la watu wa kaskazini mwa Ulaya lenye maana ya alama iliyochanjwa kwenye kijiti cha kuhesabia, na kwa kuwa waliweka alama kila walipofika ishirini, score hadi leo ina maana pia ya ishirini. Ukikutana na three score katika maandishi ya zamani, jua ni sitini.

Papa ana kitu chake. Ubavuni nyuma ya kichwa ana mistari ya kupitishia maji, mitano kila upande kwa papa walio wengi, na taa anayo mitano kila upande chini ya mwili. Kiingereza huiita gill slits. Hakuna aliyeikata, lakini ni mirefu, imenyooka na inatoboa, kwa hiyo slit imeazimwa kwa sababu ya umbo. Ni hivyo hivyo kwa macho yaliyofinywa kwa jua kali: "His eyes were two slits."

Mavazi nayo yana slit. Mpasuo wa sketi au wa gauni, ule fundi cherehani anaouacha ili uweze kutembea, ni slit. Mpasuo wa nyuma ya koti la suti ni vent. Sketi ikichanika kwenye msumari wa bodaboda, huo si slit tena, ni tear. Swali la kwanza linafanya kazi tena: fundi alikusudia, msumari haukukusudia.

Sasa twende kwa mchongaji. Mstari mrefu alioufukua kwa patasi juu ya uso wa mti bila kutoboa ni groove. Chale za usoni mwa lipiko, yaani barakoa ya Kimakonde (wingi wake mapiko), kama zimekatwa ndani ya mti, ziite shallow grooves au fine incised lines, na ukitaka kusema zinaiga chale za ngozi ya watu, ongeza scarification. Lakini baadhi ya mapiko yamepambwa kwa nta ya nyuki iliyobandikwa juu, na mistari yake inanyanyuka badala ya kuzama. Hapo acha groove kabisa, sema raised lines. Pitisha kidole kabla hujaandika. Kidole kikizama ni groove, kikikwea ni raised line.

Mkato wa umbo la herufi V ukingoni mwa kitu ni notch, kama ule unaokatwa kwenye nguzo ili boriti ikae isiteleze. Pengo dogo kwenye makali ya panga lililogonga jiwe ni nick. Nick ni pia kidonda kidogo cha wembe unaponyoa ndevu: "I nicked my chin." Uingereza mtaani nick ni kuiba vilevile, kwa hiyo usishangae mtu akilalamika kwamba simu yake imekuwa nicked.

Neno ambalo mafundi seremala wetu wachache wanalijua, nalo linafaa sana, ni kerf. Ni ile njia nyembamba msumeno unayoiacha ndani ya mbao, unene wa meno yenyewe. Anayechana mbao nyingi na kuuza kwa vipimo hupoteza mbao kwenye kerf, kwa hiyo lazima aihesabu. Ukisoma maelekezo ya mashine ya kuchana mbao utalikuta.

Slash na gash zinaenda na nguvu. Slash ni pigo refu la kupunga, panga au fyekeo linapopita kwa kasi. Ndiyo maana fyekeo lenyewe tunaliita slasha. Gash ni alama iliyobaki, ndefu na yenye kina: "The panga left a deep gash in the trunk." Kwenye mkwaju au mkorosho wako, slash ni kitendo, gash ni jeraha la mti.

Hatua ya 3: Hamia kwenye vilivyopasuka vyenyewe

Ukitaka kuelewa crack na split, chukua mpingo. Gogo la mpingo likikatwa na kuachwa juani, ncha hukauka haraka kuliko moyo, mti unasinyaa nje huku ndani bado una unyevu, na mistari inatokea kwenye ncha. Kwa mtu wa kawaida mstari huo ni crack. Kwa mnunuzi wa mbao ni check, na akiandika "No end checks" kwenye oda yake anataka magogo yasiyo na nyufa za ncha. Mstari ukiendelea kufuata nyuzi hadi gogo likaachana vipande viwili, au karibu viwili, hiyo ni split. Crack inaonyesha kwamba kitu kimevunjika lakini bado kimeshikana. Split inaonyesha kimeachana kwa urefu, kufuata nyuzi zake.

Mpingo wetu unakwenda kutengeneza klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, na wapigaji wa vyombo hivyo wanaogopa neno crack kuliko maneno mengine yote. Ukiuza mti kwa watu hao, kila unapoliandika hakikisha ndilo unalokusudia.

Korosho inafundisha split vizuri zaidi. Kubangua ni shell, na kulipasua ganda ni crack the shell. Punje ikitoka nzima inaingia daraja la W, ambayo ni whole. W320 ni punje nzima zinazokaa kiasi cha 300 hadi 320 katika ratili moja. Ikiachana kwa urefu, pale ilipojiunga kiasili, inaitwa split na daraja lake ni S. Ikivunjika kwa upana ni butt, daraja B. Vipande vingine ni pieces, P. Kijana wa kiwanda cha kubangua Mtwara au Newala anayezijua herufi hizo tayari anajua Kiingereza cha split, hata kama hakuwahi kuambiwa.

Kwenye miamba, ufa mwembamba ambamo kitu kinaweza kujificha ni crevice. Maji yakitoka, akina mama wanaofuata pweza na mkuki wanachunguza humo: "The octopus hides in a crevice in the reef." Usichanganye na crevasse, ambao ni ufa mkubwa kwenye barafu, wa kuhadithiwa na aliyepanda hadi barafu za Kilimanjaro. Fissure ni la wanajiolojia na madaktari, ufa mrefu wenye kina ardhini au kwenye ngozi laini ya mwili. Rift ni kubwa kuliko yote, na ndilo lililo ndani ya jina la Bonde la Ufa: ardhi iliyovutwa pande mbili ikaachana.

Kuta za Mikindani na magofu ya Kilwa Kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwongoza wageni akiwaonyesha mstari uliojitokeza ukutani aseme crack. Mahali chokaa kimeanguka na mawe yameachana hadi mwanga unapenya, aseme gap. Utakutana pia na neno chink, tundu jembamba la kupitisha mwanga au upepo. Nakushauri uliache vitabuni. Neno hilo hilo ni tusi kali dhidi ya Wachina na watu wa Asia Mashariki, na gap linafanya kazi yake yote bila kumuumiza mtu.

Gap sasa. Crack ni kitu kimoja kilichovunjika. Gap ni nafasi kati ya vitu viwili, au mahali palipokosa kitu. Mwanya wa meno ya mbele ni gap, na pengo la jino lililong'oka ni gap vilevile. Nafasi kati ya miti ya ua iliyoachana hadi mbuzi akapita ni gap. Kwenye treni za chini ya ardhi za London, abiria wamekuwa wakitangaziwa "Mind the gap" tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, waangalie ile nafasi kati ya behewa na ukingo wa jukwaa.

Mafundi wa majahazi wa Kilwa wana neno lao la kujifunza: seam. Ni mstari ambapo ubao na ubao hukutana. Kazi ya kuujaza pamba iliyolowekwa mafuta, kukalafati, ni caulk, na herufi l haitamkwi. "We caulk the seams with cotton and oil." Chombo kikivuja, usiseme kuna cracks kama mbao zenyewe ni nzima. Sema "Water is coming in through the seams." Mteja atajua unahitaji kalafati na si ubao mpya, na bei ya kazi hizo mbili hailingani.

Hatua ya 4: Vilivyotengenezwa ili kitu kipite

Hapa ni haraka. Sehemu ya kuchomeka laini ya simu ni SIM slot. Tundu la sarafu ni coin slot. Mfuo ulio kichwani mwa skrubu, ule wa bisibisi bapa, ni slot pia, japo hautoboi. Kinachoipa jina ni kwamba kuna kitu kinaingia na kukaa. Hata kipindi cha redio kina time slot, nafasi ambayo kipindi kinaingia.

Tundu la ufunguo ni keyhole. Tundu la sindano ni eye of the needle. Tundu la kifungo ni buttonhole. Tundu la hewa juu ya dirisha ni vent.

Vent inahitaji uangalifu kwa wanaofanya kazi kwenye gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam kutokea Madimba. Kwenye kazi ya namna hiyo, kuachia gesi hewani makusudi, kwa utaratibu, ni vent. Gesi kutoka bila kukusudiwa ni leak. Ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma ni hairline crack, na bomba likifunguka ghafla ni rupture. Mtu akiandika kwenye ripoti "The gas vented" wakati ilivuja, amesema kwamba kuna mkono wa mtu uliofungua. Katika ripoti za usalama tofauti hiyo ni nzito mno.

Hatua ya 5: Mwili, na hapa usikosee

Hatua hii naiwekea uzito kuliko nyingine, kwa kuwa maneno yake yanaingia kwenye faili la mgonjwa na mara nyingine mahakamani.

Mkato wa daktari kwenye upasuaji ni incision. Kidonda cha kisu au wembe, chenye kingo safi zilizonyooka, madaktari huita incised wound, na mtu wa kawaida ataita cut. Ngozi iliyochanika kwa kugongwa na kitu butu, rungu, jiwe au usukani wa gari, ina kingo zilizochakaa, na jina lake ni laceration. Kwa Kiswahili tunaweza kusema amechanika kwa vyote viwili. Kwenye fomu ya PF3 inayotoka polisi kwenda kwa daktari, moja inasema silaha ilikuwa na makali, nyingine inasema haikuwa nayo. Nesi akikaa na mkalimani au ndugu wa mgonjwa, aulize kilichomgonga kabla ya kuandika neno.

Kidonda cha kuchomwa, mdomo mdogo na kina kirefu, ni stab wound kama ni kisu, puncture wound kama ni msumari au mwiba wa taa. Mchubuko ni graze. Gash ni neno la kueleza tu, kidonda kirefu chenye kina. Unaweza kulisema kwa simu ukiita msaada, lakini kwenye faili andika kipimo na aina.

Wakunga wanatofautisha vizuri kwa Kiswahili, na Kiingereza kinawafuata. Mama aliyechanika mwenyewe wakati wa kujifungua ana tear, ya daraja la kwanza hadi la nne kutegemea kina. Aliyeongezwa njia kwa mkasi ana episiotomy. Mama akipewa rufaa kwenda hospitali nyingine, anayempokea anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili, kwa hiyo "She was torn" haitoshi. Andika "second-degree tear, sutured" au "episiotomy, sutured", vyovyote ilivyokuwa.

Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliogawanyika ana cleft lip, na kama ni kaakaa, cleft palate. Zamani Waingereza walisema harelip, mdomo wa sungura kama sisi tunavyosema mdomo sungura, lakini leo linachukuliwa kuwa la dharau. Tumia cleft lip mbele ya wazazi na kwenye maandishi.

Hatua ya 6: Weka in, si of

Kiswahili kinasema ufa wa ukuta, tundu la bati, mpasuo wa sketi. Ndiyo maana mwanafunzi wetu huandika "crack of the wall". Kiingereza kinatazama mahali, kwa hiyo kinataka in: a crack in the wall, a hole in the roof, a slit in the skirt, a gap in the fence. Gap likiwa kati ya vitu viwili vinavyotajwa, ni between: a gap between the two planks.

Kinachopenya huenda through: light came through the crack. Kinachochomekwa huenda into: put the card into the slot. Kidole, maji au kamba inayofuata mfereji huenda along: water runs along the groove.

Crack of ipo, lakini mahali pengine kabisa. The crack of dawn ni alfajiri ya kwanza kabisa, wakati wavuvi wanasukuma ngalawa.

Hatua ya 7: Vitenzi na matamshi

Vitatu havibadiliki: cut, cut, cut, slit, slit, slit, split, split, split. Kwa hiyo hakuna slitted wala splitted unaposimulia ya jana. Tear hugeuka tore, torn. Vilivyobaki, yaani crack, score, slash, nick, vent, huongeza -ed tu.

Kwa matamshi, shida yetu ni konsonanti zinazofuatana. Mdomo unataka kusema siliti na sikoa. Jizoeze kuanza s na l kwa pumzi moja bila irabu katikati. Maliza gash kwa sauti ya sh kama ya shamba, maana bila hiyo utakuwa umesema gas, na Mtwara watu watakuuliza ni gesi ipi. Fissure inatamkwa sawasawa na fisher, mvuvi, kwa hiyo kwa simu fafanua. Tear ya kuchanika hutamkwa te-a kwa e ya wazi, wakati tear ya chozi ni ti-a. Crevice mkazo uko mwanzo, crevasse mkazo uko mwisho.

Hatua ya 8: Maana za mafumbo, chache tu

Ufa kati ya ndugu ni rift: "a rift between the two brothers". Kushusha bei kwa kishindo ni slash prices. Kutoa hasira ni vent one's anger. Nafasi ambayo hakuna anayeihudumia sokoni ni a gap in the market.

Tunaposema mwanya wa sheria, Kiingereza kinasema loophole, na hapo lugha hizi mbili zimekutana vizuri. Zamani loophole ilikuwa tundu jembamba kwenye ukuta wa ngome, la kurushia mishale na kutazamia adui. Ukiongoza wageni kwenye ngome yoyote ya zamani ya pwani na ukaona tundu la namna hiyo, unaweza kuliita loophole kwa maana yake ya asili.

Hatua ya 9: Andika maelezo ya kitu kimoja

Chagua kitu kimoja ulichonacho nyumbani au kazini, ukiweke mezani, na uandike sentensi tano. Kwa kila mkato au ufa taja mambo manne: jina lake, mahali ulipo, urefu wake, na kama unatoboa. Mchonga barakoa anaweza kuanzia hapa:

"This is a helmet mask carved from light wood. The eyes are two narrow slits. The lines on the cheeks are shallow grooves cut with a knife. There is a gap between the upper front teeth, left open by the carver. There is one old crack behind the left ear, 4 cm long. It does not go through."

Msomaji wa ng'ambo atapata picha hii: barakoa ya kuvaa kichwani, ya mti mwepesi, yenye macho mawili ya mpasuo, chale za mashavuni zilizochorwa kwa kisu, mwanya wa meno uliokusudiwa, na ufa mmoja wa zamani nyuma ya sikio la kushoto usiofika upande wa pili. Ameambiwa kipi ni kazi ya mkono na kipi ni dosari, na hana cha kulalamikia mzigo ukifika. Badilisha aina ya mti, vipimo na mahali pa kila mkato, kisha mpe mtu mwingine asome huku ameishika barakoa mkononi, akionyesha kwa kidole kila kinachotajwa. Akishindwa kukipata kimoja, rudi kwenye swali la kwanza na ubadilishe neno hilo.